FOLFOX au FOLFIRI kwa fundi cherehani?

SWALI: Docta, salamu kutoka Kadutu, Bukavu. Baba yangu, miaka 61, ana kansa ya utumbo mpana na imeshafika kwenye ini. Daktari mmoja ametuandikia kemo (dawa za kuua kansa) iitwayo FOLFOX, mwingine anasema kemo ya FOLFIRI, jirani naye anasifu XELOX ya vidonge. Ipi ina nguvu zaidi? Baba ni fundi cherehani, bado anashona.

JIBU: Poleni sana kwa ugonjwa wa mzee. Kwa nguvu, FOLFOX na FOLFIRI hazipishani. Utafiti wa Ufaransa uliotoka mwaka 2004 uligawa wagonjwa 220: wengine walianza na hii, wengine na ile, kisha wakabadilishana ugonjwa ulipoendelea. Nusu ya walioanza na FOLFIRI waliishi zaidi ya miezi 21.5, kwa wenzao ilikuwa 20.6. Pengo hilo halina uzito.

Zinapopishana ni kwenye madhara, na hapo cherehani ya mzee inaingia. Oksaliplatini, iliyomo ndani ya FOLFOX, hugusa neva za vidole. Mwanzoni ni baridi tu: akishika bomba la maji asubuhi (na asubuhi za Bukavu mnazijua) vidole vinachoma, akinywa cha baridi koo linabana. Hayo hupita baada ya siku chache. Dozi zikilimbikizana, ganzi hukaa, pengine kwa miaka, na kutunga uzi kwenye sindano kunamshinda. XELOX ina oksaliplatini ileile; vidonge vimechukua nafasi ya pampu inayodondosha dawa mwilini kwa saa 46, navyo huchubua viganja na nyayo.

Kwa hiyo mimi, kwa fundi, ningeanza na FOLFIRI, mradi bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo, hupimwa kwenye damu) iwe ya kawaida. Ikiwa juu, irinotekani, dawa iliyomo ndani ya FOLFIRI, hukawia mwilini na kuwa sumu. Nywele zitapungua, hilo si neno. Kuhara ndiko kwa kuogopa: loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, iwe nyumbani kabla ya dozi ya kwanza. Choo kikilegea, vidonge viwili vya mg 2, kisha kimoja kila saa mbili hadi saa 12 zipite bila kuhara. Joto likifika 38, hata usiku wa manane, mpelekeni hospitali.

Kabla ya yote, ombeni kipande cha uvimbe kipimwe RAS na MSI (alama za jeni za uvimbe zinazosaidia kuchagua dawa), hata kama kitapelekwa nje ya mji. Kwa wachache wenye MSI ya juu, pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, huishinda kemo. Na muulizeni daktari wa upasuaji kama madoa ya ini yanakatika. Akisema ndiyo, mpango wote unapangwa upya.