Mombasa kwa mchana mmoja, kabla ya treni ya saa nne usiku

Sisi watu wa Tanga tunaokwenda Nairobi kwa njia ya Horohoro na Lungalunga tunaijua hali hii. Basi linakufikisha Likoni saa sita au saba mchana, mnashuka, mnavuka feri kwa miguu, na treni ya usiku inaondoka Miritini saa nne. Hapo katikati una mchana mzima usio na mwenyewe. Wengi wanaumalizia kwenye benchi la ofisi ya basi, begi katikati ya miguu, na mji kama ule unawapita hivihivi. Jambo hilo linaniuma.

Mimi safari ya kwanza nilikosea kwa upande wa pili: nilitaka vyote. Nikaenda Ngome ya Yesu, nikatoka mbio hadi ufukweni Nyali, nikataka na kuoga bahari. Wakati wa kurudi foleni ya daraja la Nyali ilinishika, na ile ya kuelekea Changamwe ikanimaliza. Nilifika stesheni lango limeshafungwa. Asubuhi yake nilikuwa natakiwa Nairobi kwenye kikao cha mahari ya mdogo wangu. Kikafanyika bila mimi, na hadi leo nikikumbuka moyo unanichoma. Tangu siku ile nina sharti moja: nikiwa napita tu, sitoki kisiwa cha Mombasa hadi wakati wa treni. Ufukwe unataka siku yake.

Mzigo kwanza. Usizunguke nao, maana vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na jua la kaskazi halina huruma. Mimi huomba gesti ndogo karibu na Ngome wanitunzie begi kwa malipo kidogo, na sijawahi kukataliwa. Pasi, simu na pesa vibaki mwilini. Fedha ya Kenya badilisha ya kutosha siku moja tu, na uwe na noti ndogondogo za tuktuk na chakula.

Kisha ingia Ngome ya Yesu, nayo ipe saa moja na nusu kamili. Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia na cha mgeni si sawa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi 1698 ndipo wakaitwaa, na Waingereza nao wakaifanya jela hadi 1958. Unaweza kuyasoma hayo popote, lakini simama juu ya ukuta unaotazama bahari ndipo utaelewa kwa nini watu walikufa kwa ajili ya mlango ule wa maji. Mle ndani usipite haraka mbele ya vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanna, merikebu ya Kireno iliyozama hapo chini mwaka 1697 ikiwa imekuja kuwaokoa waliozingirwa. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280 kabla wapiga mbizi hawajaanza kuichimbua.

Ukitoka, ingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu. Ndiyo, ndia. Kimvita hakisemi njia, na mchele kwao ni mtele. Sikiliza tu watu wanavyozungumza vibarazani, maana kwa mtu anayeipenda lugha hii, huo pekee ni ziara. Salimia kwanza, uliza baadaye. Mzee mmoja niliyemwamkia shikamoo aliitika marahaba, akaacha kahawa yake, akanionyesha milango ya nakshi mmoja baada ya mwingine hadi karibu na Bandari ya Kale. Hakutaka hata senti. Huko ni majumbani kwa watu, kwa hiyo vaa nguo za heshima na usimpige mtu picha bila ruhusa. Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa sala, basi siku hiyo anza na Ngome.

Kutoka hapo hadi Biashara Street ni mwendo mfupi. Sisi tunasema kanga, wao wanasema leso, na zile zenye chapa ya "Mali ya Abdulla" ambazo mama zetu wanazisaka zinatoka mtaa huu. Usinunue kwa rangi tu. Soma jina, yaani maneno yaliyoandikwa, maana unaweza kumpelekea mama mkwe ujumbe usioukusudia. Viungo vya pilau chukua soko la Marikiti, hapo jirani.

Kwa chakula, sipendi kukaa hotelini kusubiri sahani wakati saa zinahesabika. Mchana kula kitu chepesi, viazi karai na chatne ya ukwaju. Njaa yenyewe ipeleke bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, baada ya alasiri. Chini ya mibuyu utapata mihogo ya kuchoma yenye ndimu na pilipili, na dafu la kushushia. Kaa ukingoni utazame meli za mizigo zikiingia bandari ya Kilindini, zinapita karibu hata unaona watu waliosimama juu. Mimi nimeziona mara nyingi na bado huacha kutafuna zikipita.

Lakini usinogewe. Chukua begi lako mapema, na adhana ya Isha ikikukuta, ikukute umeshavuka Makupa, njia ya kutoka kisiwani. Jioni barabara ya Miritini hujaa malori ya bandarini, na stesheni kwenyewe kuna ukaguzi wa mara kadhaa: mabegi yanalazwa chini kwa safu, mbwa wanapita kunusa, kisha mashine, kisha tiketi na kitambulisho. Fika saa tatu kamili. Leso nimezizoea kuziweka juu kabisa ya begi, kwa sababu usiku behewani kipupwe kinapuliza kweli, na ile moja hujifunika nayo hadi Nairobi.