Acheni kuomba "kazi nyepesi": majibu kwa watumishi walioumia kazini

Kamwene. Nimekaa dawati la utumishi kwenye halmashauri mbili za Nyanda za Juu Kusini, na tangu nistaafu, meza yangu ya chakula hapa Kihesa imegeuka masjala ndogo. Barua za miezi hii zinafanana: mtu kaumia, karudi kazini, kazi aliyoiacha haimfai tena, na bosi wake anaona anadeka. Nimechukua chache, na kila moja inafuatwa na jibu langu. Vituo vyenu nimeviondoa, maana huku kwetu ukitaja zahanati umeshamtaja muuguzi.

Mimi ni muuguzi wa hospitali ya wilaya, mkoa wa Mbeya. Niliumia mgongo zamu ya usiku nikimhamisha mgonjwa kutoka kitanda cha magurudumu, tukiwa wawili tu wodi nzima. Daktari ameandika nipewe kazi nyepesi. Mfawidhi anasema wodini hakuna kazi nyepesi, na kwamba barua ya daktari ni ushauri tu. Nifanyeje?

Dada yangu, mfawidhi wako kasema nusu ya kweli. Wodini kazi nyepesi haipo. Neno lenyewe ndilo linalowaponza wengi. Katika miaka yangu yote sijaona maneno mawili yaliyowapotezea watu haki zao kama hayo. Kwa daktari yana maana moja, kwa mfawidhi ni kukaa kwenye benchi, kwa wenzako ni kwamba zamu zako watabeba wao.

Rudi kwa daktari umwombe barua nyingine. Aandike usichoweza na unachoweza: usinyanyue zaidi ya kilo ngapi, usisimame mfululizo zaidi ya saa ngapi, usimgeuze mgonjwa peke yako, kwa miezi mingapi, na utapimwa tena lini. Jina la ugonjwa si lazima liwemo. Bosi anahitaji kujua mipaka yako ya kazi, mambo ya pingili za uti wa mgongo mwachie daktari.

Ukishaipata, chukua ratiba ya zamu, kaa na kalamu. Wodi ina kugawa dawa, kupima presha, kupokea na kuandikisha wagonjwa, kuagiza vifaa. Nje ya wodi kuna chanjo, kuna kliniki ya mama na mtoto. Andika zile unazoweza kuanzia Jumatatu. Halafu ndipo uandike kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kupitia kwa mfawidhi na Mganga Mkuu, nakala kwa katibu wa tawi la chama chako: "Yah: Ombi la kubadilishiwa majukumu kutokana na kuumia kazini". Chapisha mbili. Ya kwanza ibaki masjala, ya pili igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe uondoke nayo. Wakikwambia muhuri haupo, mwombe mhudumu wa masjala asaini kwenye nakala yako, aandike jina na saa.

Nasisitiza hilo kwa sababu niliwahi kukaa kwenye kikao ambapo mama mmoja, mhudumu wa afya, alieleza vizuri sana kwamba kwa mwaka mzima alikuwa akiomba asipangiwe kubeba ndoo kwenye ngazi. Bosi wake akafungua jalada, akalipekua taratibu folio moja baada ya nyingine mpaka mwisho, akasema, "Hakuna ombi humu." Na kweli halikuwemo. Alikuwa akiomba mlangoni, asubuhi, baada ya salamu.

Sheria unayo, wala haikuanza jana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Ofisi ya Rais, Utumishi, wenyewe walitoa mwongozo kuhusu huduma kwa watumishi wenye ulemavu tangu 2008, na nakala yake nimeikuta ofisi zaidi ya moja ikiwa chini ya kalenda za zamani. Utaje kwenye barua yako.

Jambo la pili, usilichanganye na la kwanza: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule mnaouita WCF. Ulianza kazi Julai 2015 na unawahusu watumishi wa umma sawa na wa kampuni binafsi. Mwajiri ndiye wa kutoa taarifa ya ajali, lakini asipotoa usimsubiri, maana ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12 haki inapotea. Mfuko unalipia matibabu, na ukiwa huwezi kazi kwa muda unakulipa asilimia 70 ya kipato chako, kwa muda usiozidi miezi 24. Ila Mfuko haupangi zamu. Nimeona watu wanalipwa fidia vizuri kisha wanarudishwa kitanda kilekile kilichowavunja.

Ukikataliwa, dai jibu kwa maandishi. Kisha usikimbilie CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma ina kifungu cha 32A kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia za ndani ya utumishi kabla ya kushika sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ilikisimamia kifungu hicho kwenye shauri lililohusu Shirika la Posta: CMA haikuwa na mamlaka. Watu wanapoteza miaka hapo. Wewe mlango wako ni Mkurugenzi, kisha Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo kazi yake ni pamoja na kupokea rufaa na malalamiko ya watumishi.

Ni mwalimu wa shule ya msingi, Kilolo. Bodaboda ilituangusha nikipeleka karatasi za mtihani kata, nikakatwa mguu chini ya goti. Shule yetu iko kwenye mteremko, vyoo viko bondeni. Nimeomba uhamisho wa kuja mjini, naambiwa nisubiri. Sasa mwaka wa pili. Mwalimu mkuu ameanza kuniandikia siku za utoro.

Pole sana, mwalimu. Nianze na utoro, kwa kuwa ndio utakaokumaliza haraka. Kukosekana kazini bila ruhusa zaidi ya siku tano ni kosa linaloweza kukufukuzisha, na likishaingia kwenye jalada halisemi kwamba ulikuwa na mguu mmoja siku ya mvua. Kila siku ya kliniki iwe na kikaratasi cha hospitali. Kila siku ambayo njia haipitiki, tuma ujumbe kwa mwalimu mkuu kabla ya kengele na uutunze. Zile alizokwisha kuandika zijibu kwa barua, siku kwa siku.

Uhamisho uendelee kuuomba, ila usiuweke kuwa ombi lako pekee. Ofisi ikiombwa uhamisho tu ina jibu jepesi: nafasi hakuna. Omba na vitu ambavyo mtu akivikataa ataona aibu kuviandika. Darasa lako lishushwe jengo la karibu na barabara, hata kama darasa la tatu na la sita yatabadilishana vyumba. Vipindi vyako visianze saa mbili kamili asubuhi ya masika. Na choo. Nimeona shule moja upande wa Mufindi fundi seremala alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kikawekwa juu ya shimo, na fito mbili za mlingoti zikapigiliwa ukutani za kushikilia. Kazi ya mchana mmoja. Mwalimu aliyetengenezewa alikuwa hanywi chai shuleni tangu arudi kutoka hospitali, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Kuhusu fidia, swali litakuwa moja: safari ile ilikuwa ya nani? Ulitumwa na shule, basi ni ya kazi. Tafuta daftari la makabidhiano ya mitihani la siku hiyo, piga picha ukurasa wenye saini yako. Mguu bandia nao ni wa kuombwa Mfuko, usichangishe harusini.

Ni kweli kwamba kila ofisi lazima iwe na asilimia 3 ya walemavu? Naweza kuitumia hiyo kudai kiti kinachofaa mgongo wangu?

Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, ndivyo sheria ya 2010 inavyosema. Lakini hiyo ni hesabu ya kuajiri. Kiti kidai kwa barua ya daktari.

Nafanya usafi hospitali ya serikali hapa Mbeya mjini, ila mwajiri wangu ni kampuni yenye tenda. Niliteleza nikavunjika mkono. Hospitali wanasema niende kwenye kampuni, kampuni wanasema niliumia hospitali.

Mwajiri ni yule anayekulipa mshahara, mama. Kampuni. Uliumia wapi hakubadilishi hilo, na kampuni nayo inatakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia. Likizo ya ugonjwa kwako ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, ukiwa na cheti cha daktari, isipokuwa kama siku hizo unalipwa na mfuko. Na wewe, tofauti na muuguzi wa hapo juu, CMA ndiyo njia yako. Wakikuachisha una siku 30 za kufungua shauri, migogoro mingine siku 60. Huhitaji wakili wala ada. Hesabu siku kuanzia barua ya kuachishwa, usihesabu kuanzia siku uliyopata nafuu.

Ni dereva wa halmashauri, miaka 43. Jiwe lilipasua kioo nikipanda Kitonga, jicho la kulia halioni tena. Nimepewa barua ya kwenda kwenye jopo la madaktari na Afisa Utumishi ameniambia kwa mdomo nijiandae kustaafu kwa ugonjwa. Kuna fomu wanataka nisaini.

Fomu usisaini kwanza. Ipokee, iangalie, sema unaipeleka kwa chama ikasomwe. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa kuomba siku tatu za kusoma.

Nenda kwenye jopo, usikwepe. Lakini angalia swali ambalo barua inawauliza madaktari. Kama imeandikwa "anaweza kuendelea na kazi ya udereva?", jibu unalijua na mimi nalijua, na sitakushauri upiganie usukani. Kitonga ile ile, ukungu ule ule, lori linakuja upande wa kulia ambao huuoni: hapana, ndugu yangu. Swali linalokosekana ni la pili: anaweza kufanya kazi gani nyingine? Andika leo kwa Mkurugenzi uombe liongezwe kwenye barua ya jopo. Udereva kukushinda hakumaanishi kazi imekushinda, na ofisi nyingi zinayafanya kuwa jambo moja kwa sababu barua ya mfano iliyomo kwenye kompyuta ndivyo ilivyoandikwa.

Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizo chini ya sheria ya ajira, zinamtaka mwajiri kabla ya kumwachisha mgonjwa au majeruhi apime chanzo cha tatizo, ukubwa wake, kama ni la muda au la kudumu, uwezekano wa kumrekebishia kazi, na kama kuna fidia au pensheni. Wengi wanaruka mpaka hapo mwisho, pensheni, kwa sababu ndiyo isiyowapa kazi ya kufikiri. Wewe una miaka zaidi ya 15 mbele. Umejua magari yote ya halmashauri kwa sauti ya injini. Kuna daftari za mafuta, ratiba za matengenezo, stoo ya vipuri. Omba kubadilishiwa kada, taja nafasi mbili au tatu kwa majina, na uulize kwa maandishi kama mshahara wako wa sasa utabaki kuwa mshahara binafsi, yaani usishuke hata kama nafasi mpya ina mshahara mdogo. Hapo ndipo watu wanapoumizwa mara ya pili.

Mfuko wa Fidia nao una tathmini yake ya ulemavu wa kudumu: ukiwa asilimia 30 au chini unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo unalipwa kila mwezi. Hiyo ni mbali na mambo ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Na uamuzi ukitoka vibaya, rufaa ya Tume ya Utumishi wa Umma ina siku 45. Andika tarehe ukutani.

Mimi ni mkuu wa idara, Njombe. Nilimruhusu mtumishi wangu aliyevunjika nyonga awe anaingia saa tatu na nikamhamishia ghorofa ya chini. Wenzake wananung'unika kwamba nampendelea. Nimechoka kuelezea.

Basi usieleze, mzee wangu. Ulichofanya ni sawa, ulikosea kukifanya kimyakimya. Pata kibali cha Mkurugenzi kwa dokezo, weka tarehe ya kupitia upya mpango, miezi sita hivi. Kwenye kikao cha idara sema sentensi moja: utaratibu huu umeidhinishwa, yeyote mwenye hali inayohitaji hivyo aniandikie. Nyonga yake usiitaje, si yako kuisimulia.

Na angalia nani alibebeshwa kazi ya asubuhi kabla mtumishi huyo hajaingia. Mara nyingi manung'uniko hayatoki kwa wivu. Kuna binti mmoja pale mapokezi anayefungua dirisha peke yake Julai, baridi ya Njombe mnaijua, na hakuna aliyemuuliza. Zungusha zamu hiyo kwa watu watatu, uone kama utasikia tena neno upendeleo.