Si Ukaidi Unaomfanya Fundi Atoe Kava la Grainda

Ingia kwenye karakana za mageti na madirisha, iwe Gerezani, Buguruni au Tabata jijini Dar es Salaam, uangalie grainda ngapi, zile mashine za mkono za kukatia na kusagia chuma, bado zina kava la kukinga diski. Mwenye karakana ukimuuliza atakwambia mafundi ni wabishi. Mara nyingi sivyo. Kava limetolewa kwa sababu fundi analipwa kwa idadi ya madirisha, na kava linamchelewesha. Kabla hujabandika bango la usalama ukutani, fungua kwanza daftari la malipo.

Kumlipa mtu kwa dirisha tu kunamfundisha mambo mawili: kukimbia na kuficha. Anakimbia kwenye kukata, kisha anaficha kiungo kibovu chini ya rangi. Afadhali umpe ujira wa siku unaokidhi nauli na chakula hata siku umeme ukikatika, halafu uongeze kiasi kwa kila dirisha lililokaguliwa likakubalika. Ukaguzi ufanyike kabla ya rangi. Gonga viungo, pima fremu kona kwa kona pande zote mbili, na vipimo viwili visipolingana nyongeza isubiri hadi fremu irekebishwe.

Usimkate fundi pesa ya diski iliyovunjika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka makato ya hasara yawe na makubaliano ya maandishi, mhusika apewe nafasi ya kujieleza, na jumla isizidi robo ya ujira wake. Lakini tuweke sheria pembeni kidogo: anayekatwa kwa diski iliyovunjika ataendelea kutumia yenye ufa, na hutajua.

Haraka ya jioni huanzia asubuhi. Skweya paipu hazijafika, LUKU imeisha, mafundi wanapiga soga mpaka saa nne. Saa kumi mteja anapiga simu kuulizia geti lake, na hapo ndipo watu wanaanza kukimbizana. Dawa yake ni robo saa ya jana yake. Kabla ya kufunga, foromani apite na daftari ahesabu vyuma, rodi za kuchomelea, diski na uniti za umeme, kisha apeleke mahitaji kwako usiku huohuo. Rodi zilizofunguliwa zikae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, maana hewa ya pwani ina unyevu na rodi iliyolowa hutoa uchomeleaji wenye vitundu. Asubuhi ukague waya za umeme kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa: palipochubuka, plagi iliyolegea, na klempu ya ethi isiyoshika vizuri. Msimu wa masika sakafu ikilowa, mwenye kandambili asishike holda, yaani kishikio cha rodi.

Sasa grainda yenyewe. Mashine ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi 9 kwa kawaida huandikwa kikomo cha 6,600. Fundi anayetaka kukata chuma kinene huivalisha mashine ndogo diski kubwa, na haiingii mpaka kava litoke. Hapo anaizungusha zaidi ya mara moja na nusu ya kikomo chake, na ikipasuka vipande vinaelekea usoni. Kwa hiyo kumwambia arudishe kava bila kununua mashine kubwa ni kumdanganya. Kazi ya chuma kinene bado ipo mezani. Nunua mashine kubwa, halafu piga marufuku diski kubwa kwenye mashine ndogo.

Diski ya kukatia isitumike kusagia, maana ni nyembamba na shinikizo la ubavuni huitia ufa usioonekana. Soma tarehe iliyogongwa kwenye pete ya katikati, maana gundi yake huzeeka. Ukishafunga diski mpya, iache izunguke tupu nusu dakika, uso ukiwa pembeni na mtu yeyote asisimame mbele yake.

Kwa macho, watu huwa wanamkumbuka mchomeleaji na kumsahau msaidizi aliyeshika paipu. Mwanga wa kuchomelea humuunguza naye, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga machoni. Kesho hayupo kazini, na wewe unamwandika mtoro. Kila jozi iwe na barakoa mbili za kuchomelea, zenye kioo namba 10 au 11 kwa rodi za kawaida. Miwani ya jua ya barabarani haifai kabisa. Weka na pazia la turubai upande wa njia, maana wapita njia na mama ntilie nao wana macho.

Bomba la galvanaizi, yaani lililopakwa zinki, lisagwe tabaka hilo pale pa kuchomelea, na kazi ifanyike nje mahali penye upepo. Anayesaga avae barakoa ya vumbi. Moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka jioni, dalili ambazo wengi huzidhania malaria. Na ukisikia kwamba maziwa huondoa moshi huo, hayaoshi mapafu, ingawa hakuna ubaya kuyanywa.

Kuhusu muda, sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne, zikilipwa si chini ya mara moja na nusu. Mchango wa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ni wa mwajiri peke yake, hautoki kwenye mshahara wa fundi, na ajali huripotiwa huko ndani ya siku 7. Usimwache msaidizi nje ya orodha ya wafanyakazi.

Tenga pia daftari dogo la matukio, hata yale yaliyomkosakosa mtu: saa, chombo, kazi iliyokuwa ikifanyika. Jina la mhusika si lazima. Baada ya miezi mitatu tazama safu ya saa. Ikiwa mengi yamejazana baada ya saa kumi na moja jioni, zima mashine za kukatia saa kumi na nusu, na muda uliobaki uwe wa kupaka rangi, kufagia na kupanga vyuma vya kesho.