Kitambaa Kitamzuia Nani?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, Likoni. Dada yangu yuko Atlanta, amejiunga na kikundi cha wanawake weusi wanaoshona blanketi kubwa la viraka, kila mmoja na kipande chake. Ati wanapinga ubaguzi wa rangi. Nimemwambia wanaharibu vitambaa tu. Kitambaa kitamzuia nani? Nimekosea?"
Fundi wa Likoni

Marahaba, mwanangu. Kwa kuwa uko Likoni, nianze na feri.

Huko Alabama, kusini mwa Marekani, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, mto umekizunguka pande tatu. Mwaka 1962 wakubwa wa kizungu waliisimamisha feri yake ili watu weusi wasivuke kwenda Camden kujiandikisha kupiga kura. Ng'ambo pale unapaona, lakini kwa barabara ni safari ya kama saa nzima, tena kwa mwenye gari. Feri ilirudi 2006. Wewe unajua feri ikiharibika asubuhi moja tu watu wanavyohaha. Hao walikaa miaka 44.

Waliothubutu kujiandikisha, wengi walifukuzwa kwenye mashamba waliyokuwa wakilima. Basi mwaka 1966 wanawake wa wilaya hiyo ya Wilcox wakaanzisha ushirika wa kushona mablanketi ya viraka, Freedom Quilting Bee. Aliyeuongoza kwa miaka mingi ni Estelle Witherspoon. Mablanketi yakapigwa mnada New York, na 1972 wakapata kandarasi ya kuishonea kampuni ya Sears foronya za kodrai. (Kodrai, fundi! Unajua inavyomwaga manyoya mkasi ukipita.)

Mimi lakini foronya hazinikoshi kama ardhi. Ushirika ulinunua ekari 23, ukajenga karakana, na viwanja vingine ukaziuzia familia zilizofukuzwa. Hapo ndipo kitambaa kilipomzuia mtu. Mwenye shamba hakuweza tena kumwambia mama wa watu, "Ukipiga kura, uhame."

Wa mjini nao walikuwepo. Mwaka 1971 wasanii wanawake weusi, kina Kay Brown, Faith Ringgold na Dindga McCannon, walifanya maonyesho yao New York, wakaunda kikundi cha Where We At. Majumba ya sanaa yaliwafungia milango, na vikundi vya wasanii weusi vilitawaliwa na wanaume. Baadaye walipeleka mafunzo ya sanaa hadi magerezani.

Kwa hiyo ndiyo, umekosea, ila si kote. Muulize dada: blanketi likiisha ni la nani? Likiuzwa, pesa inaingia mfuko gani? Majina ya washonaji yatatiwa nyuma, yote, au la kiongozi peke yake? Akishindwa kujibu, hapo nitakuwa upande wako.

Akijibu vizuri, mtumie kipande cha kanga akishone humo. Kifue kwanza, mara kadhaa. Kanga mpya huchuja, itawaharibia wenzake.