Joto hupungua "mara nne" au hubaki robo?

SWALI: Naandaa mwongozo wa tahadhari za moto kwa karakana ya useremala hapa Moshi. Nimeandika: "Mionzi ya joto hupungua mara nne umbali ukizidi mara mbili," na kwenye hesabu: "zidisha halijoto ya moto mara nne." Mwenzangu anasema zote zina kasoro. Ni kweli?

JIBU: Ya kwanza inaeleweka, ila imelegea. Ya pili ni kosa, tena la hatari.

Kuzidisha mara nne ni kuzidisha kwa 4. Kanuni ya Stefan na Boltzmann, inayokadiria joto linalorushwa na kitu chenye moto, inataka halijoto (T) kwa kipeo cha nne, yaani T × T × T × T. Usije ukaandika "kipeuo": kipeo cha pili cha 9 ni 81, kipeuo chake cha pili ni 3. Halijoto nayo iwe katika kelvini, kwa hiyo jumlisha 273 kwenye selsiasi. Ndimi za moto za nyuzi 800 ni kelvini 1073 (kelvini haziitwi nyuzi). Zidisha kipeo chake cha nne kwa 5.67 × 10⁻⁸, utapata wati kama 75,000, yaani kilowati 75 kwa kila mita ya mraba, iwapo moto unanururisha (unarusha joto) kikamilifu. Ukiingiza 800 kama ilivyo unapata kilowati 23 tu, na fundi atapanga mbao karibu akidhani pana usalama.

Kwenye umbali, andika "hubaki robo". Kitu kikipungua mara moja tu si kimekwisha? Mara nne ni nini basi! Chukua rundo la mabaki ya mbao linalowaka kwa kilowati 1000, asilimia 30 zikitoka kwa mnururisho, yaani joto linalorushwa: gawanya kilowati 300 kwa 4πr², r ikiwa umbali kwa mita. Kwenye mita 5 unapata kilowati 0.95 kwa kila mita ya mraba, kwenye mita 10 ni 0.24. Njia hii inafaa ukiwa mbali kuliko upana wa moto wenyewe. Ukiusogelea sana, majibu yake hayategemeki.

"Mionzi" si kosa, lakini wengi wakiisikia hufikiria eksirei. Mionzi ndiyo inayosafiri, mnururisho ni huko kusafiri kwake. Kwenye hesabu tumia "mnururisho". Kwenye bango la ukutani, "joto linalorushwa na moto" linatosha kabisa.