Miradi na utafiti wa darasani: kwa walimu wa lugha, yawe mafunzo mamoja

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini walimu wa Kiswahili na Kiingereza wilayani kwako walihudhuria semina ya siku tatu kuhusu kufundisha kwa miradi, wakapewa vyeti, na baada ya mwezi mmoja darasani hakuna kilichobadilika. Nimefundisha Kiswahili katika sekondari mkoani Tanga kwa miaka 16, na miaka sita ya karibuni nimekuwa nikiongoza mafunzo kazini. Jibu langu ni kwamba mradi na utafiti wa darasani (yaani mwalimu kuchunguza mwenyewe kinachotokea darasani mwake) vikifundishwa kama mada mbili zisizohusiana, vyote viwili huishia ukumbini.

Mwalimu aliyefundishwa mradi peke yake huwagawia wanafunzi manila na kalamu za rangi. Kazi hupendeza ukutani, lakini hana njia ya kujua nani amejifunza lugha na nani alishika gundi tu. Aliyefundishwa utafiti peke yake huletewa hojaji na sampuli, akaona kwamba hayo ni mambo ya shahada ya uzamili. William Heard Kilpatrick wa Marekani, alipoandika kuhusu mbinu ya mradi mwaka 1918, aliweka uzito kwenye kusudi la mwanafunzi mwenyewe, nami naamini mwalimu anayefunzwa anastahili heshima hiyo hiyo: aanze na jambo linalomsumbua yeye.

Mwalimu mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na wanafunzi 62 wa kidato cha pili. Mradi wao ulikuwa kukusanya majina ya kanga nyumbani, kumuuliza mwenye kanga aliinunua lini na alimkusudia nani, kisha kutunga kijitabu na kukisoma mbele ya wazazi. Nilipomuuliza ni nini kinachomtatiza, alisema kwamba katika kila kundi wapo wasiofungua kinywa. Basi kila kipindi alikaa karibu na kundi moja, akapiga kistari kwenye daftari kila mwanafunzi aliposema. Baada ya wiki mbili vistari vilimwonyesha jambo ambalo hakuwa ameliona kwa miaka: aliyeshika kalamu ndiye aliyesema karibu kila kitu.

Akabadilisha utaratibu. Kila mmoja alete kanga ya kwao, na aieleze yeye mwenyewe. Msichana ambaye hakuwa na kistari hata kimoja alifungua kanga ya bibi yake yenye maneno “Usisafirie nyota ya mwenzio”, na kundi likaanza kubishana kwa nini imeandikwa “usisafirie” badala ya “usisafiri”, mpaka mmoja akakumbuka hati ya kusafiria. Kauli ya kutendea, iliyokuwa kwenye andalio la somo la wiki iliyofuata, ilikuwa imeshafika yenyewe. Nilikuwepo siku ile, na hadi leo sijaona semina iliyomfunza mwalimu yule zaidi ya ukurasa ule wa daftari.

Kwa hiyo ningekushauri uzigawe zile siku tatu: siku moja ya kuandaa, wiki tatu za darasani, kisha mkutane, kila mmoja akiwa na daftari lake, na baadaye mrudie tena. Kwa Tanzania, jumuiya za ujifunzaji zilizoanzishwa shuleni chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) zinafaa sana kwa mikutano hiyo, ilimradi mkuu wa shule aridhie kuitengea muda kwenye ratiba. Mkitaka kurekodi sauti za wanafunzi, ombeni kwanza ridhaa ya wazazi.

Siku ya kwanza, kila mwalimu aandike swali lake kwa sentensi moja, nanyi mlichunguze pamoja. “Wanafunzi hawapendi kusoma” ni lalamiko, mrudishieni. “Katika kundi la wanafunzi saba wanaotumia nakala moja ya tamthiliya, ni nani hukishika kitabu, na kwa dakika ngapi?” hilo anaweza kuanza kulifuatilia kesho asubuhi, kwa saa na kalamu.