Dripu ikikimbia, wewe usimkimbie mgonjwa

Juzi kijana mmoja tabibu wa Arusha, ndo kwanza ana mwaka mmoja kazini, kanitumia meseji. "Shikamoo dada, mgonjwa wangu kakonda, ana homa kali, presha iko chini sana, 80 kwa 50, nikampa nusu lita ya dripu nikasimama kwanza kumsikiliza kifua, mkubwa wangu akanifokea mbele ya ndugu zake kwamba namchelewesha. Nilikosea?" Nilikuwa kwenye daladala natoka Majengo, nikashindwa kujibu palepale maana kidonda hicho ni changu.

Mimi yalinikuta hapa Moshi, hospitali siitaji, 2018. Kaka wa miaka thelathini na kitu, anaishi na VVU, mwembamba, maambukizi yameshaingia kwenye damu, presha haishikiki. Nikafanya kama nilivyofundishwa, kanula mbili kubwa, vile vimrija vya kwenye mshipa, dripu zikakimbia, mpaka saa sita usiku zimeshaingia lita tatu na nusu, presha ikapanda nikafurahi kweli nikaenda kwa wengine, tulikuwa wawili wodi nzima. Saa kumi alfajiri mke wake akaja mbio, "nesi, njoo, anapumua vibaya". Kifua kinachemka, povu mdomoni, na mtungi pekee wa oksijeni uko kwa mgonjwa mwingine. Hakufika asubuhi. Kwenye ripoti nikasema nadhani maji yalizidi, nikaambiwa mbele ya wanafunzi niache kujifanya profesa.

Nikaanza kusoma kwa hasira. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwepo tayari! Utafiti wa Lusaka, Zambia, ulishatoka 2017: watu wazima 209 wenye maambukizi ya damu na presha ya chini, karibu tisa kati ya kumi wana VVU, yaani mgonjwa wangu kabisa. Waliotibiwa kwa mwongozo wa kumwaga maji haraka, pamoja na dawa za kupandisha presha na damu, walipata kama lita 3.5 ndani ya masaa sita, wenzao wa matibabu ya kawaida kama lita 2. Wakafa 48 kwa kila 100 upande wa mwongozo, upande wa pili 33. Na kabla ya hapo, 2011, kulikuwa na utafiti ulioitwa FEAST, watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, hadi Muheza hapo Tanga walishiriki. Watoto wenye homa kali na mzunguko mbovu wa damu, waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi ya 10 kwa 100 ndani ya masaa 48, wasiopewa 7. Wagonjwa wetu wenyewe jamani, sio wa Ulaya, na wodini kwetu hakuna aliyetuambia.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuwa tabibu wa maana, soma. Usisubiri semina yenye posho, soma. Angalia kwanza utafiti umefanyika kwa mgonjwa wa aina gani, maana anayeharisha mpaka macho yameingia ndani habari yake ni nyingine, huyo mpe maji, usije ukamwacha akauke kwa kisingizio cha Lusaka. Huyu mwingine, wa maambukizi ya damu, mpe kidogo kidogo, kisha rudi kitandani, hesabu pumzi, sikiliza kifua, bonyeza kucha uone damu inarudi lini. Narudia, rudi kitandani.

2025 umetoka utafiti mwingine mkubwa, hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, wagonjwa karibu elfu 20. Mmoja kati ya nane yuko mahututi, na wengi wao wamelala wodi za kawaida kama ile yangu, sio ICU, wodi maalumu ya mahututi. Waliokuwa wanashindwa kupumua, hata nusu hawakufika waliopewa oksijeni. Oksijeni tu! Tunagombania mashine wakati mtungi hatujauhakikisha tangu zamu inaanza.

Mdogo wangu wa Arusha, hukukosea. Nusu lita ukasimama ukasikiliza kifua, mimi usiku ule sikusimama. Akiruhusiwa huyo mgonjwa nitumie meseji, hata iwe usiku.